Mlango wa Kioo wa Chumba Namba Tisa

Usinitajie kampeni. Ukinitajia kampeni kabla sijanywa chai, siku hiyo tutakosana. Watu huniambia, "Lakini dada, wale si walikuja kusaidia?" Ndiyo, walikuja kusaidia. Hata mtu anayekukanyaga mguu akikimbilia kukupokea mzigo amekuja kusaidia. Mguu ni wako, maumivu ni yako, na yeye amesimama pale anasubiri umwambie asante.

Ngoja nieleze, mjue hasira yangu inatoka wapi.

Mdogo wangu ni fundi vioo. Mtaa mzima unamwita Fundi, kana kwamba duniani hakuna fundi mwingine. Hata mimi niliyembeba mgongoni namwita hivyo hivyo. Tuna duka kando ya barabara, chumba kimoja kirefu. Mbele ni kwangu. Nauza vioo vya kujitazamia, natia picha za harusi na vyeti vya watu kwenye fremu, napokea simu, nagombana na wateja. Nyuma ni kwake. Huko vioo vikubwa vimesimamishwa ukutani juu ya mbao, na kuna meza pana iliyotandikwa zulia kuukuu, chupa ya mafuta ya taa, na kisu chake cha kukatia, kile chenye kigurudumu kidogo mdomoni. Fundi akikata kioo hataki hata redio. Anasema kioo husema kikikatwa: mstari ukiwa mzuri, sauti inakwenda laini, ukikwaruza, ujue kitapasuka kinapotaka chenyewe. Mimi sisikii tofauti yoyote. Kwangu zote ni kelele za kusisimua meno.

Lakini kazi yake hasa iko majumbani mwa watu. Dirisha limepasuka, anaitwa, anakwenda peke yake na tepu yake ya kupimia. Anaingia mpaka vyumbani, anasogeza vitanda vya watu, anakanyaga mito yao kwa bahati mbaya na kuomba radhi. Watu walikuwa wakimwachia funguo na kwenda kazini kwao. Akina mama walikuwa wakimwachia mtoto amelala, wakatoka kidogo kwenda sokoni. Hii ni kazi ya kuaminiwa. Usipoaminiwa, kata vioo vizuri upendavyo, utavitazama mwenyewe dukani.

Sasa, Fundi ana ugonjwa. Ulimwanza ujanani, ndiyo kwanza amemaliza kujifunza kazi. Alianza kwa kukosa usingizi, kisha akawa anasikia watu wasiokuwepo wakimsema. Siku moja alivigeuza vioo vyote vya dukani vikatazama ukuta, akasema mle ndani kuna wanaomchungulia. Mama yetu, Mungu amrehemu, alilia mpaka sauti ikamkauka. Tulihangaika huku na huko, kila mtu akitushauri lake, mpaka hospitali kubwa ikatupa jina refu la ugonjwa pamoja na dawa yake: sindano kila mwezi na vidonge vya jioni. Dawa ikamkubali. Akarudi mezani kwake akawa yule yule, mpole, mcheshi, mbishi wa mpira.

Mtaani hakuna aliyejua. Tulikubaliana mimi, mama na yeye kwamba jambo hili litabaki baina yetu. Mtu asije akaniambia tuliona aibu. Aibu ingekuwa nafuu, tungeimeza. Tulikuwa tunalinda mkate. Nani atamwachia funguo za nyumba yake mtu anayesemwa ana kichaa, tena mwenye kisu na vioo mkononi?

Kituo chetu cha afya ndicho kilichotusitiri, bila chenyewe kujua. Sindano alichomwa chumba namba tisa, mwisho wa korido, na chumba hicho kilikuwa cha kusafisha vidonda. Muuguzi wake, mwanamume mnene mwenye mikono laini tuliyemwita Mzee wa Bandeji, alikuwa amesomea mambo ya akili. Kwa kuwa hakupewa chumba cha kazi hiyo, aliwaona wagonjwa wake humo humo, katikati ya vidole vilivyokatika na vidonda vya miguu. Nani angejua nani ana nini? Na fundi vioo akionekana anaingia chumba cha vidonda, kuna mtu wa kuuliza?

Basi siku yake ya sindano Fundi alikuwa anajifunga kitambaa kidoleni, anapita nacho mtaani kifua mbele. "Umejikata tena, Fundi?" "Nimejikata, ndugu yangu, kazi hii itaniua!" "Pole sana!" Mwezi huu alifunga kidole cha kushoto, mwezi ujao cha kulia. Mara moja alijisahau, akaenda na kitambaa kwenye dole gumba na kurudi nacho kwenye kidole cha mwisho. Aliyemwona alikuwa Kipaza, muuza nyama wa duka la jirani, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu hajui kunong'ona. Akapiga kelele barabara nzima isikie: "Fundi! Vidole vimekwisha, sasa anza pua!" Tulicheka siku hiyo hadi tukashika mbavu, mimi na Fundi, tumejifungia nyuma ya duka.

Miaka ikaenda hivyo, tukiishi vizuri na uongo wetu mdogo. Ndipo kampeni ikaja.

Walikuja na magari meupe, hema, maspika makubwa na fulana za kijani zilizoandikwa VUNJA UKIMYA. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja nadhifu, mwenye sauti nzuri kama ya redioni. Tulimwita Mama Mratibu. Simsingizii, si mtu mbaya. Anasalimia wakubwa kwa wadogo, anakusikiliza mpaka umalize, na ukimwambia mwanao anaumwa leo, kesho atakuuliza anaendeleaje. Hilo ndilo linalonichosha zaidi, maana mtu mbaya ningejua pa kumshikia.

Siku ya mkutano kiwanja kilifurika. Fulana ya bure nani anaikataa? Kipaza alichukua mbili, moja ya kuvaa na moja ya kufutia meza. Kukawa na muziki, kukawa na igizo, kisha Mama Mratibu akashika maikrofoni. "Ndugu zangu! Mficha maradhi, kifo humuumbua! Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine! Mgonjwa asifungwe kamba, asipigwe, asichekwe! Mwulizeni kwa upole, amekula? Amelala?" Makofi yakalia mpaka kunguru wakaruka. Mimi na Fundi tulikuwa tumesimama nyuma kabisa. Akaniinamia sikioni.

"Dada, hawa wote wanaopiga makofi, wakijua leo kwamba ni mimi, kesho wataniita nyumbani kwao?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Twende dukani."

Ingeishia pale kiwanjani, nisingekuwa na neno. Lakini shirika lao lilitaka kuacha alama ya kudumu. Na katika vyumba vyote vya kituo kile, kimoja tu ndicho kilichowapendeza: chumba namba tisa. Vidonda vikahamishiwa chumba cha tatu, karibu na geti. Chumba namba tisa kikapakwa rangi mpya, na juu ya mlango kikatundikwa kibao cha bluu ambacho hata asiye na macho angekiona: KITENGO CHA AFYA YA AKILI. Pembeni pakachorwa kichwa cha mtu kinachoota ua. Mlango wa mbao ukang'olewa. Walitaka wa kioo. Na fundi vioo wa mtaa ni nani?

Mama Mratibu alikuja mwenyewe dukani kwetu, na bahasha ya vipimo kwapani.

"Fundi, nataka mlango wa kioo, mzuri, wa kisasa."

"Kioo gani, mama?" Fundi akamwonyesha. "Kuna hiki cha ukungu, kinaingiza mwanga lakini wa nje hamwoni wa ndani. Vyumba vya matibabu huwekwa hiki."

"Hapana, hapana. Nataka cheupe kabisa, kinachoonyesha. Ujumbe wetu ni uwazi. Tukificha, tunawafundisha watu kwamba kuna la kuficha."

"Lakini mgonjwa, mama..."

"Mgonjwa hana sababu ya kuona haya, Fundi. Hiyo ndiyo kazi iliyotuleta."

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, mbele ya mlango ule kuna benchi la wanaosubiri dawa. Nusu ya mtaa huu inakaa pale kila siku, haina kazi ila kutazama. Mgonjwa akae mle ndani kama samaki kwenye chupa?"

Akatabasamu, akanishika bega. "Dada yangu, haya mawazo ndiyo tunayotaka kuyaondoa."

Kuyaondoa! Ningesema nini tena? Nikiendelea, ataniuliza linaniuma nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tulikuwa tumekilalia miaka, tumejifunika gubigubi.

Fundi akaenda kupima. Akakata kioo kile kwa mkono wake, akakifunga, akakifuta kwa gazeti mpaka ukawa hujui kama mlango umefungwa au umeachwa wazi. Nilimwuliza jioni, "Hata kukikwaruza kidogo umeshindwa?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Dada, kazi ni kazi." Wakakata utepe, wakapiga picha mbele ya kile kichwa kinachoota ua, wakapanda magari yao.

Siku ya sindano ikafika. Fundi, kwa mazoea, akajifunga kitambaa kidoleni, akatoka. Getini mlinzi akampokea kwa furaha. "Fundi, umejikata? Usihangaike kwenda mbali, vidonda siku hizi hapa hapa, chumba cha tatu!" Akamshika mkono akamfikisha mpaka ndani. Binti muuguzi akakifungua kitambaa taratibu, akakuta kidole kizima, kisafi, kama cha mtoto mchanga.

"Kidonda kiko wapi?"

"Kimepona njiani," Fundi akasema, akatoka.

Alinisimulia huku anacheka, nami nikacheka, kisha tukaacha kucheka wakati mmoja. Nikamwambia, "Kesho nenda namba tisa, ingia haraka, toka haraka." Kesho yake akaenda. Akakaa kwenye benchi akisubiri watu wapungue. Mle ndani kulikuwa na mwanamume mzima analia mbele ya Mzee wa Bandeji, na benchi zima limenyoosha shingo. Mtu mmoja aliyekuwa na karanga alikuwa anagawa.

"Walikuwa wanamtazama kama wanatazama mpira, Dada," akaniambia. "Siingii mle."

Nilimsihi. Nilimtisha. Nilimwambia nitamwambia mama kaburini. Akaitikia kila kitu, na hakwenda.

Nikaenda mwenyewe kwa Mzee wa Bandeji, nikaingia mle kwenye chupa, benchi likanitazama, nami nikalitazama. Mzee akasikitika sana. "Wagonjwa wangu wa zamani siwaoni tena," akasema. "Wanaokuja ni wageni kupiga picha na kibao. Usijali, mpangie akae nyumbani wiki hii, nitapita nimchome huko huko." Nikarudi moyo mweupe. Tukamsubiri. Hakutokea. Kuuliza, naambiwa amepelekwa semina mji mwingine. Semina ya nini? Ya kuhamasisha jamii! Mtu mmoja tu anayejua kuchoma sindano ile, ndiye wamemchukua akafundishwe kutuhamasisha tukachomwe.

Nikamfuata Mama Mratibu ofisini kwake. Sikumtaja Fundi. Nilimwomba kitu kimoja.

"Pazia, mama. Kitambaa tu nyuma ya kile kioo. Nitakileta mimi, nitakishona mimi, nitakitundika mimi."

"Nimekusikia, dada. Nitaliwasilisha kwenye kikao."

"Pazia likajadiliwe kikaoni?"

"Kuna taratibu. Lakini nikupe habari njema: tumepita mtaani kwenu tukiuliza watu, karibu wote wamesema ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine. Uelewa umepanda!"

"Kusema wamesema. Lakini ni nani anayeingia mle mlangoni?"

"Mabadiliko yanahitaji muda," akasema, kwa upole ule ule.

Muda ndio kitu ambacho hatukuwa nacho. Nilikuwa naona nyumbani. Fundi alianza kuamka alfajiri na kukaa kitandani anatazama miguu yake. Akawa anasimamisha kisu katikati ya mstari, anageuka, "Umesema nini?" na mimi sijasema kitu. Nikamwambia apumzike asiende majumbani. Akasema wateja wanamsubiri, na akaenda.

La kuvunda halina ubani. Mchana mmoja mteja wetu, mama mmoja wa nyumba za juu, akanipigia simu anatweta. "Dada, njoo umchukue ndugu yako!" Nikakimbia na ndala zangu. Nilipofika, Fundi alikuwa ameng'oa vioo vyote vya sebule ya yule mama na kuvilaza kwenye majani, kimoja kando ya kingine, bila hata kimoja kupasuka. Cha mwisho alikuwa amekikumbatia kifuani, amesimama katikati ya barabara, anawauliza watu ni nani kati yao anayelitaja jina lake.

Na watu! Jamani, watu! Wamemzunguka kama wamelipia kiingilio. Nusu yao wamevaa fulana za kijani. VUNJA UKIMYA kifuani, simu mkononi, wanampiga picha. Mmoja anacheka mpaka anashika tumbo. Vijana wawili wametoka na kamba. "Mfungeni, atakata mtu huyo! Mfungeni!" Nikapiga mayowe, nani ananisikia? Nikavua ndala nimpige mwenye kamba.

Ndipo ikasikika sauti moja tu mtaa mzima. Kipaza amekuja mbio kutoka buchani, fulana ya kijani imelowa damu ya ng'ombe.

"WEKENI KAMBA CHINI! Nyinyi hamkuwa kiwanjani? Mlikwenda kula muziki tu? Walisema asifungwe! Walisema asipigwe, asichekwe! Wewe mwenye simu, nitakuja kukupiga picha wewe siku mkeo anakufukuza! ZIMA!"

Wakarudi nyuma. Kwa Kipaza hata mbwa hurudi nyuma. Kisha akamsogelea Fundi, akainama kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mtu yule, akanong'ona. "Fundi. Umekula?"

Fundi akamtazama. "Kipaza, mbona unanong'ona?"

"Walisema tuseme na wewe kwa upole."

"Unanitisha. Sema kama kawaida yako."

"UMEKULA?"

"Bado," akasema Fundi. Akamkabidhi kioo.

Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Kampeni ile ile iliyotuharibia maficho yetu ndiyo iliyomtia Kipaza neno lile kichwani, na bila Kipaza kamba ingefungwa, na kioo kingevunjika kwenye kifua cha mdogo wangu. Watu huniuliza, hizi kampeni zinasaidia? Sijui niwashukuru au niwatukane. Huwa nafanya yote mawili, kutegemea nimeamkaje.

Tukampeleka namba tisa, mimi mkono huu, Kipaza mkono ule. Benchi likanyoosha shingo. Mzee wa Bandeji alikuwa amerudi kutoka semina yake, na cheti kikiwa bado mezani. Akatuona, akalitazama benchi, akavua koti lake jeupe na kulibandika kwenye kioo kwa plasta za vidonda, kutoka juu hadi chini. "Kikao cha pazia kimekwisha," akasema. Akatayarisha sindano.

Dawa ikamrudisha polepole. Baada ya wiki kadhaa Fundi akaketi mezani kwake, akajaribu kisu kwenye kipande kibovu, akasikiliza, akatikisa kichwa kwamba naam. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa yeye. Tukafungua duka, tukasubiri simu.

Ikawa kimya. Si kwamba watu walimchukia, la. Wakipita walimwita kwa jina, "Hongera Fundi! Tuko pamoja nawe! Ni ugonjwa kama mwingine!" Wengine waliingia hadi kwangu, wakanunua kioo cha kujitazamia, wakauliza hali yake kwa sauti ya msibani. "Na lile dirisha lako lililopasuka?" niliwauliza. "Aa, dada, halina haraka." Jioni nikipita naona dirisha limezibwa kwa boksi la maziwa. Mtaa mzima uliota maboksi madirishani. Mvua inanyesha, boksi linalowa, wanabandika jingine, na fundi wa vioo amekaa hatua chache kutoka hapo anafuta vumbi kwenye meza isiyo na kazi. Kazi tuliyopata ilikuwa ya Kipaza tu, kioo cha sanduku lake la nyama, naye alipunguziwa bei na bado akalalamika kwa sauti ya kufukuza wateja wetu wote.

Nilikuwa nasikia uchungu ambao sikuusikia hata Fundi alipokuwa anaumwa. Akiumwa kulikuwa na sindano. Hili lilikuwa na sindano gani?

Siku moja Mama Mratibu akaingia dukani. Amesikia yote. Alimpa Fundi pole ya kweli, machozi yakamlengalenga, akaomba radhi kwa ajili ya kioo, akasema pazia limepitishwa. Kisha akasema lililomleta.

"Fundi, tunarudi kiwanjani. Ningependa upande jukwaani, usimulie. Watu wakimwona mtu kama wewe, amepona, anafanya kazi, watabadilika."

Fundi akafikiri. "Mama, nikisimulia, watu wataniita kazini?"

"Watakuelewa, Fundi."

"Kunielewa wameshanielewa. Mimi nauliza kazi."

Mama Mratibu akatazama vioo vilivyosimama ukutani, na nadhani alitaka tu kubadilisha mazungumzo. "Kazi zipo, Fundi, zitakuja. Hata mimi kwangu, watoto wamevunja dirisha la chumbani kwao kwa mpira, tumelizibia..."

Tukamsikia alivyonyamaza.

"Nije kesho nipime?" akauliza Fundi.

"Kesho?" Akafungua mkoba, akaufunga. "Kesho watoto watakuwepo. Tena mimi sitakuwepo, nitakuwa kazini, na msichana wa nyumbani yuko peke yake. Labda... ngoja nizungumze na baba yao."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, makali, niliyoyanoa miezi yote ile. Fundi akanishika kiwiko.

"Nitakuja na dada yangu," akamwambia.

"Aa!" Mama Mratibu akashusha mabega, uso ukamfunguka. "Mkija wawili, sawa kabisa! Hata kesho! Karibuni sana!"

Hakujua alichosema. Naapa hakujua. Aliondoka amefurahi, akanipungia mkono kutoka barabarani.

Tukaenda wawili. Fundi akapima, akakata, akafunga dirisha la watoto, akafagia vipande hadi chini ya kitanda. Mimi nilikaa sebuleni kwenye kochi. Nililetewa juisi na msichana wa nyumbani, ambaye kila Fundi alipogonga fremu alinitazama mimi kwanza. Nilikuwa nimewekwa pale kama kufuli. Miaka yote ile mtu huyu alikuwa akiachiwa funguo na watoto waliolala, na hajawahi kuvunja hata kikombe cha mtu. Nilikunywa juisi ile yote kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi.

Mama Mratibu alimsifu kila mahali, na simu zikaanza tena. Maboksi yanatoka madirishani moja baada ya jingine. Sindano yake anachomwa kila mwezi, nyuma ya pazia, bila kitambaa kidoleni. Ukitaka kuniambia hayo ni mafanikio, sibishi. Mimi siku hizi nafunga duka mchana, nakwenda kukaa kwenye makochi ya watu, na wateja wangu wa fremu wamepata mtu mwingine.

Nilimwambia Fundi tukatae. Nilimwambia anayemtaka amchukue peke yake, asiyemtaka abaki na boksi lake. Akasema, "Dada, tutakula nini?" na simu ikalia. Akaiweka sauti ya juu maana mikono yake ilikuwa na mafuta. Alikuwa baba mmoja wa mtaa wa pili, mtu wa watu, tena aliyekuwa mstari wa mbele kiwanjani siku ile ya makofi. Akataja dirisha lake, akataja upana, akataja urefu, akamwambia Fundi hongera kwa kupona. Kisha akakohoa kidogo, akauliza, "Na dada yako atakuja?"

Fundi hakunitazama. Alikuwa ameinamia meza, anatafuta mahali pa kuanzia mstari.

"Atakuja," akasema.